Mbuzi ya Bi Mejumaa

Mtaa mzima wa Kibokoni ulijua kwamba siri ya mbaazi za Bi Mejumaa haikuwa kwenye mbaazi. Mbaazi alizinunua Marikiti, pale pale ambapo kila mtu alinunua. Siri ilikuwa kwenye tui, na siri ya tui ilikuwa kwenye mbuzi, kile kigoda cha mvule cha kukunia nazi alichoachiwa na bibi yake. Ulimi wake wa chuma ulichomoza mbele na meno madogo madogo kama ya mtoto. Nazi iliyokunwa pale ilitoka laini kama unga, na ukiikamua ilitoa tui zito, la kuchovya kidole na kulamba.

Kila alfajiri, baada ya swala, Bi Mejumaa aliikunjua mbuzi yake barazani, akaketi juu yake, akakuna. Naye Kadzo, msichana aliyepanga chumba cha chini katika nyumba yake, alikuwa akitoka kumkandia unga wa mahamri kabla ya kwenda kazini kwenye duka la kanga huko Biashara Street. Hakuna aliyemwomba. Alianza asubuhi moja alipomwona bibi akijishika kiuno, na tangu siku hiyo hakuacha. Akimaliza kukanda, aliufunika unga kwa kanga yake mwenyewe, tena ile nzuri, ili uumuke vyema.

Wateja walikuwa wengi, lakini mmoja Bi Mejumaa alimwekea bakuli lake kando. Huyo alikuwa Nicodemus, fundi wa kuchomelea vyuma katika yadi moja ya malori kule Shimanzi, mtu wa bara, mrefu, mpole. Siku ya kwanza alipopita mtaani humo mvua ilimkuta njiani, na Bi Mejumaa akamvuta ndani kwa mkono kama mtoto wa jirani, akampa taulo, kisha mbaazi za moto. Tangu hapo akamwita Mama. Naye alikuwa mteja pekee aliyeosha bakuli lake kabla ya kulirudisha.

Asubuhi moja Nicodemus alifika mbio, simu mkononi, uso umejaa meno.

"Mama! Nimepigiwa kutoka nyumbani! Mbuzi yangu imezaa! Imezaa mapacha!"

Baraza zima likaangua kicheko.

"Imezaa?" aliuliza Bi Mbeyu, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi usio na breki. "Imezaa nini, baba? Nazi mbili, au vifuu?"

Nicodemus akacheka nao, ingawa ilionekana wazi hakujua anacheka nini. Bi Mejumaa akamwonea huruma.

"Usiwasikize hawa. Mbuzi wako amezaa, mwanangu. Mbuzi ni wangu, ni wako, ni wake. Hilo la mbuzi yangu, mbuzi yake, usiliseme tena, wasikia? Watakucheka mpaka kiama."

"Nimesikia, Mama. Mbuzi wangu amezaa."

"Hapo sasa! Hongera. Kaa ule."

Alipokuwa akila, Nicodemus alimwona Bi Mejumaa akijifunga kitambaa kwenye kidole gumba. Nazi ilikuwa imeteleza, maana meno ya mbuzi yalikuwa yamelika, na siku hizo ilimbidi aikandamize nazi kwa nguvu.

"Hii kitu mnaiita aje, Mama?"

"Mbuzi."

"Mbuzi? Mbuzi tu hivyo?"

"Mbuzi tu hivyo."

Akainama akaupapasa ule ulimi wa chuma kwa kidole chake kinene. "Meno yameisha."

"Kama yangu," alisema Bi Mejumaa, na mazungumzo yakageukia mambo mengine.

Jumatano iliyofuata, mbuzi ikapotea.

Bi Mejumaa alikuwa amemaliza kuuza, akaiegemeza mbuzi ukutani barazani kama kawaida, akaenda Marikiti kununua iliki. Aliporudi, ukuta ulikuwa mtupu. Akatafuta jikoni, akatafuta chini ya kitanda, akaangalia hata ndani ya pipa la maji, mahali ambapo mbuzi haijawahi kukaa tangu iumbwe.

"Mbuzi yangu imeibiwa!" alilia. Ilikuwa kama amempoteza mtu.

Asubuhi ya pili Bi Mbeyu alimletea blenda yake. "Dunia imekwenda mbele, dada. Wakata nazi, watia, wabonyeza."

Wakakata, wakatia, wakabonyeza. Blenda ikanguruma kama lori la Shimanzi, kisha stima zikapotea. Waliyoyapata waliyachuja kwa kifumbu, na yaliyotoka hayakujua kama ni tui au ni maji ya kunawia mikono. Mteja mmoja alionja, akatafuna, akatafuna tena.

"Bi Mejumaa, leo umetia mchanga wa pwani?"

"Kula unyamaze."

Watu wakacheka, na huenda siku ingepita hivyo kwa mzaha. Lakini Bi Mbeyu, ambaye blenda yake ilikuwa imesemwa vibaya, alitaka maneno yahame kwake.

"Mwacheni! Mlaumuni aliyeichukua mbuzi. Mimi jana nimemwona mtu hapa. Nimemwona Kadzo akitoka na kiroba mgongoni, na ndani mnagongana ko, ko, ko. Sisemi kitu. Lakini wale wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita kule Majengo kila siku, na kwao ni huko."

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Hakumtazama Bi Mbeyu. Alimtazama Bi Mejumaa.

Na Bi Mejumaa alijua. Kiroba kile kilikuwa cha vifuu vya nazi. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia Kadzo avichukue, ampelekee mama yake anayekaanga viazi karai kule Majengo, maana vifuu hushika moto vizuri. Lakini aliposikia neno chuma, alichoona ni ule ulimi mdogo wenye meno ukitupwa kwenye mizani ya mtu asiyeujua. Alinyamaza. Haukuwa muda mrefu, lakini ulitosha.

Kadzo aliingia ndani akanawa mikono, akaenda kazini bila kumeza hata tonge.

Jioni Bi Mejumaa alimkuta chumbani anakunja nguo, sanduku li wazi kitandani.

"Kadzo, mwanangu."

"Bibi, ulijua ni vifuu."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Bi Mejumaa alikaa ukingoni mwa kitanda. Angeweza kusema uzee, angeweza kusema mshtuko. "Nilipaswa kusema na sikusema."

Kadzo aliendelea kukunja. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama yangu akisikia nimeitwa mwizi, hatalala. Tsofa, kaka yangu, anakuja Jumamosi asubuhi na mkokoteni. Nitarudi Majengo. Unga nitakukandia mpaka siku hiyo, Bibi, usihofu. Sitakuacha hivihivi."

Usihofu! Anaondoka kwa kuitwa mwizi, na bado anawaza unga wa watu. Bi Mejumaa alitoka pale machozi yakimlenga. Mbuzi ilikuwa mbuzi tu, alijiambia, mti na chuma. Lakini bila kuipata, neno la Bi Mbeyu lingebaki barazani kama doa la mafuta, na mtoto huyu angeondoka nalo.

Wakati huo ndipo aliposikia, kutoka juu, kwenye ghorofa ya Bi Mbeyu: "Meee!"

Akasimama. Bi Mbeyu alikuwa na beberu mmoja mzee, akimwita Waziri kwa sababu ya ndevu zake na kwa sababu hakuwahi kufanya kazi yoyote. Waziri alilala vichochoroni, alikula maboksi ya maduka, na kila mtu alimjua. Maisha yake yote hakuwahi kupandishwa ghorofani.

"Meee!" Kisha sauti ya Bi Mbeyu: "Acha pazia langu, mlaaniwa wee!"

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya kuuza mahamri makavu bila mbaazi, Bi Mejumaa alipanda ngazi za jirani yake.

"Hodi!"

"Karibu, lakini funga mlango haraka!"

Waziri alikuwa sebuleni, amefungwa kwenye mguu wa kabati la vyombo, anatafuna mkeka kwa fizi. Bi Mbeyu alionekana hajapumzika.

"Mbeyu, huyu mgeni wako amehamia lini?"

"Usinicheke. Wataka kuniibia." Bi Mbeyu akashusha sauti. "Tangu juzi. Mzee Ngumbao ndiye aliyeniletea habari. Kuna mtu wa bara anataka kumchukua Waziri. Alimwambia Mzee kwa kinywa chake. Wewe wafikiri watu wa bara wakimtaka beberu ni kwa ajili ya kumfuga? Ni nyama choma hiyo!"

"Huyu? Atafunwe na nani?"

"Usimtukane, ana masikio."

Bi Mejumaa hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kimemgusa, kama kunong'onezwa jina la mtu unayemjua. Juzi. Jumatano. Mbuzi yake imepotea, na siku hiyo hiyo kuna mtu amemtaka mbuzi wa Mbeyu.

"Fuatana nami," alisema.

Mzee Ngumbao alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya ng'ambo, ikitazamana na ya Bi Mejumaa. Macho yake yalikuwa yamechoka lakini adabu yake haikuchoka. Aliposikia hatua za wanawake aliinuka na kuwasogezea benchi upande wa kivuli, yeye akabaki juani.

"Sabalkheri, Mzee. U hali gani?"

"Sabalkheri, njema, alhamdulillahi. Karibuni."

"Mzee, huyo mtu wa bara wa Jumatano. Alisemaje? Nataka maneno yake, si maana yake."

Mzee Ngumbao akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaanza taratibu. "Alikuja yule kijana mrefu anayekula kwako. Akaniamkia vizuri, shikamoo, nikaitikia. Akasema, na alilisema polepole kama mwanafunzi anayesomeshwa: 'Mzee, mwambie Mama nimemchukua mbuzi wake. Meno yamemwisha. Nitamrudisha Jumamosi akiwa mkali.'"

"Nimemchukua," Bi Mejumaa alirudia.

"Ndivyo. Nami nikainama kutunga uzi, unajua macho yangu. Nilipoinuka, kijana hayupo, lakini Waziri yule pale, amelala. Nikasema, huyu hajamchukua bado, ndio kwanza anapanga. Wacha nimwonye mwenyewe. Nikamwambia Mbeyu."

"Lakini alisema umwambie Mama. Anayemwita Mama ni mimi, Mzee! Mbona hukuniambia mimi?"

Mzee Ngumbao alimshangaa. "Nikwambie wewe ya nini? Wewe una mbuzi?"

"Nina mbuzi, ndiyo!"

"Wewe una mbuzi ya nazi..."

Neno lilimfia mdomoni. Bi Mbeyu alitazama ng'ambo, kwenye ukuta mtupu, kisha akamtazama Bi Mejumaa, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe.

"Meno yamemwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Subhanallah. Ni mimi niliyemcheka."

"Na ni mimi niliyemfundisha," alisema Bi Mejumaa. "Nilimwambia asiseme kamwe mbuzi yake. Nikamfundisha nusu, nikaiacha nusu." Akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabegani, mpaka ikambidi ashike cherehani ya watu. Halafu akakoma ghafla. "Kadzo."

Hawakungoja. Waliita tuktuk, wakapita kwanza Biashara Street. Kadzo alikuwa mlangoni mwa duka, akikunja kanga zilizoning'inizwa nje, maana watu walikuwa wanajitayarisha kufunga kwa swala ya Ijumaa. Alipomwona Bi Mbeyu ndani ya tuktuk, akanuna.

"Siendi popote naye."

"Sikuombi umsamehe," alisema Bi Mejumaa. "Wala mimi usinisamehe kama hutaki. Nakuomba upande tuktuk tu."

Kadzo alipanda. Walibanana watatu kwenye kiti kimoja, Bi Mejumaa katikati kama ukuta wa mpaka, mpaka Shimanzi.

Yadi ilikuwa na vumbi na kelele, malori yakirudi nyuma, makontena yamepangwa kama nyumba zisizo na madirisha. Mlinzi alishangaa kuona mabuibui mawili na msichana wa kanga wakitafuta fundi, akawatangulia mwenyewe ili wasikanyagwe, akiyasimamisha malori kwa mkono.

Nicodemus alikuwa nyuma, chini ya bati, ameketi. Ameketi juu ya mbuzi. Mguu huku, mguu huku, tupa mkononi, anayachonga meno ya chuma moja baada ya jingine, taratibu, ulimi wake umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika.

Alipowaona aliruka. "Mama! Nilisema Jumamosi! Bado haijaisha... bado hajaisha... hajamalizika!" Akajifuta mikono, ameaibika. "Niliona kidole yako. Nikafikiri, nitaongeza chuma mpya kwa ulimi, nichonge meno, ikuwe kama zamani. Mzee hakukuambia? Mimi nilimwambia vizuri kabisa. Nilisema mbuzi wake. Sikukosea, Mama. Nilifanya mazoezi njia yote."

Hapo Bi Mejumaa alicheka na kulia pamoja. Akamshika yule kijana mikono yake yenye masizi, akaibusu kama ya mwanawe, akamweleza yote: beberu kwenye sebule, pazia lililoliwa, nyama choma. Nicodemus alicheka pia, lakini hadithi ilipofika kwenye kiroba cha vifuu aliacha. Alimgeukia Kadzo.

"Dada, pole. Ni mdomo yangu ilikuletea hii."

"Si mdomo wako," alisema Kadzo. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Biashara Street.

Bi Mbeyu akafungua mdomo. Bi Mejumaa akamzuia kwa kiganja.

"Si hapa, Mbeyu. Wewe hukusemea Shimanzi. Ulisemea barazani, watu wakila. Na mimi nilinyamazia pale pale."

Jumamosi alfajiri mbuzi ilikuwa barazani. Nicodemus alikuwa ameileta baada ya isha akiwa ameifunga kwa fulana yake safi. Kadzo alikanda unga kama alivyoahidi, akaufunika. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Tsofa alifika na mkokoteni wakati wateja wamejaa.

Bi Mejumaa alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu.

"Sikilizeni. Juzi hapa Kadzo alisingiziwa. Kiroba chake kilikuwa na vifuu nilivyompa mimi, na mimi nilijua, nikanyamaza. Nimemkosea. Kadzo, niwie radhi."

Kisha Bi Mbeyu akasogea, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule alitafuta maneno asiyapate. Mwishowe akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa Mzee Ngumbao ng'ambo: "Mimi ndiye niliyesema. Nilisema uongo bila kujua ni uongo, na huo ni uongo vilevile. Mwizi wa mbuzi ni mdomo wangu. Niwie radhi, mwanangu. Ukitaka, mchukue Waziri."

"Waziri simtaki, Bi Mbeyu," alisema Kadzo. "Hana meno."

Kicheko kilipasuka, na katikati yake Kadzo naye alikuwa anacheka, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Tsofa alikuwa amesimama na mkokoteni wake, hajui afanye nini.

"Kwani nabeba sanduku au sibebi?"

Kadzo alilitazama sanduku, akatazama unga ulioumuka chini ya kanga yake. "Rudisha ndani," alisema. "Lakini usiende mtupu. Kuna vifuu vya wiki nzima nyuma ya nyumba, mama anavingoja."

Basi mtaa mzima ukaona Bi Mbeyu, buibui limepandishwa hadi kiwiko, akijaza vifuu kwenye kiroba kwa mikono yake mwenyewe, akakipandisha mkokotenini, na ndani mkigongana ko, ko, ko.

Bi Mejumaa akamsogezea Kadzo mbuzi. "Kaa wewe uifungue. Nazi ya kwanza ni yako."

Kadzo akakaa, akakuna. Nazi iliteremka nyeupe, laini kama unga, na watu wakasogea kuitazama kana kwamba hawajawahi kuona nazi. Baadaye, mbaazi zilipoiva, Nicodemus alipewa bakuli lake, limejaa mpaka ukingoni. Alionja, akafumba macho.

"Mama, mbuzi wako... mbuzi yako..." Akasimama, kijiko hewani, jasho likimtoka. "Mbuzi hii... huyu... ni mkali ama ni kali?"

"Kula, mwanangu," alisema Bi Mejumaa. "Leo iite utakavyo."